Mtoto anakataa kutafuna, anataka vya kusaga tu: anza na ulimi, meno yatafuata

Wazazi wenzangu, hili jambo limenitesa karibu mwaka mzima na najua kuna mama sa hivi amekaa na bakuli mbele ya mtoto wa mwaka na nusu, mtoto cha kublendi anameza vizuri kabisa, ila akikutana na punje moja tu ya wali anaisukuma nje kwa ulimi, au analia, au anafanya kama anataka kutapika chote alichokula. Wa kwangu wa pili alikuwa hivo hivo. Mwaka na miezi minne, meno nane mdomoni, na bado nilikuwa namsagia kila kitu mpaka yai. Kila niliyemuuliza aliniambia subiri magego yaote, atatafuna mwenyewe. Nikasubiri. Magego mawili yakaota na hakuna kilichobadilika, yai bado nasaga.

Aliyekuja kunifumbua macho ni mtaalamu mmoja wa tiba ya usemi na kumeza. Huyo hata meno hakuyaangalia, alimpa mtoto kipande cha ndizi mbivu akakaa anamtazama mdomo, kimya, kama dakika mbili hivi. Alafu akaniambia mama, mwanao hajui kupeleka chakula pembeni. Mi nikadhani nimesikia vibaya, pembeni wapi? Akanielekeza nitafune kipande cha mkate taratibu huku nasikilizia ulimi wangu unafanya nini. Jaribu na wewe sasa hivi kama una kitu cha kula karibu, utashangaa. Ulimi ndo unafanya kazi yote: unachukua chakula pale mbele, unakisogeza kwenye magego, shavu linakikinga kisidondoke upande wa nje, taya linapanda na kushuka, kikimong'onyoka kidogo ulimi unakigeuza, unakirudisha, mwisho unakusanya vyote kuwa tonge moja na kulisukuma nyuma limezwe. Sisi tunafanya bila kuwaza. Mtoto inabidi ajifunze hatua kwa hatua.

Sasa ukilielewa hilo mengine yote yanakaa sawa. Mtoto anazaliwa anajua kunyonya, na kwenye kunyonya ulimi unaenda mbele na nyuma tu. Chakula laini kabisa kinamezeka kwa mwendo ule ule wa kunyonya, yaani anakivuta nyuma na kumeza, hakuna sababu yoyote ya ulimi kwenda kushoto au kulia. Kwahiyo mtoto aliyekula vya kusaga mwaka mzima anakuwa fundi wa kuvuta nyuma, ukimpa kipande anafanya alichozoea, anakivuta nyuma kizima kizima, kinagusa koo, anashtuka, anataka kutapika, na siku inayofuata akiona kipande anafunga mdomo. Sio kiburi na wala sio deko, mwili wake umemwambia kile kitu ni hatari.

Na kuhusu meno, tusiyategemee sana. Magego ya kwanza kwa kawaida yanatoka kati ya miezi 13 na 19, ya nyuma yake kati ya miezi 23 na 33, meno ya utoto yote 20 yanakamilika kwenye miaka miwili na nusu mpaka mitatu. Ukisubiri hayo yote ndo uanze, umechelewa mno. Fizi zenyewe ni ngumu kuliko tunavyodhani, mama yeyote aliyewahi kung'atwa akinyonyesha anajua ninachosema, na zinaponda vizuri tu kiazi kilichoiva, ndizi, parachichi, yai, karoti iliyochemshwa ikalainika.

Tuongee umri kidogo alafu tuendelee. Shirika la Afya Duniani linasema chakula cha nyongeza kianze mtoto akifika miezi 6, kikiwa kizito sio maji maji, miezi 8 watoto wengi wanaweza kushika vipande laini na kula wenyewe, na wakifika mwaka mmoja wengi wanaweza kula aina za chakula wanachokula watu wengine wa nyumbani. Halafu kuna watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi eneo la Bristol, Uingereza, ikaonekana wale walioanza chakula chenye mabonge baada ya miezi 10 walikuwa na shida zaidi za kula walipofika miezi 15 kuliko walioanza mapema. Kwahiyo kama wako ana miezi 7 au 8 na bado unamsagia mpaka kinakuwa kama losheni, anza kubadilisha wiki hii hii, itakuwa rahisi sana kwako. Kama wako ameshapita huko kama wangu, bado anajifunza, ila ni lazima uwe mpole na uende polepole, kwasababu sasa ana akili ya kukataa na ana kumbukumbu ya kushtuka.

Na usimpe mtihani usio wa umri wake. Mtoto mdogo anatafuna kwa kupandisha na kushusha taya tu, ule mwendo wa kuzungusha taya kama watu wazima unaanza kujitokeza baada ya mwaka na unaendelea kukomaa mpaka miaka mitatu na zaidi. Mtoto wa miezi 18 anayetema kipande cha nyama ngumu yuko sawa kabisa, hiyo sio shida ya kutafuna.

Kabla ya chakula chenyewe, angalia anakaaje. Hili nililidharau na nikaja kuona ndo lilikuwa nusu ya kazi. Mtoto akiwa amelala lala kwenye kiti, au miguu inaning'inia, nguvu zake zote zinaishia kwenye kujishikilia asianguke, mdomo unabaki na nguvu kidogo. Anatakiwa akae wima, makalio yaende nyuma kabisa ya kiti, magoti yakunjike, na nyayo zikanyage kitu. Kama kiti hakina pa kukanyagia weka boksi gumu au kistuli chini ya miguu, akizama weka taulo lililokunjwa nyuma na pembeni. Jaribu mwenyewe kutafuna kitu kigumu huku umekaa juu ya meza miguu hewani, utahisi tofauti. Na wewe kaa mbele yake, uso kwa uso, usimlishe umesimama pembeni maana atainua kichwa kukuangalia, na kichwa kikiinuka juu chakula kinateleza nyuma kabla hajakitafuna.

Njaa nayo. Mtoto aliyekunywa chupa ya maziwa nusu saa kabla ya kula hana sababu ya kuhangaika na kipande. Akishapita mwaka mmoja, maziwa ya kama nusu lita kwa siku yanatosha, na yawe baada ya chakula au katikati ya milo, sio kabla. Unakuta mtoto anakunywa lita nzima alafu tunalalamika hali, na maziwa mengi hivo yanaweza pia kumfanya apungukiwe madini ya chuma na mtoto mwenye upungufu wa damu hamu ya kula inazidi kupotea, ni mzunguko mbaya. Chupa yenyewe pia ianze kupungua kuanzia mwaka mmoja, mpe kikombe cha wazi au mrija, kwasababu chupa inaubakiza ulimi kwenye ule ule mwendo wa kunyonya tunaojaribu kuutoka.

Simu na tivii zizimwe wakati wa kula, naomba sana. Najua inasaidia afungue mdomo, mi mwenyewe nilifanya hivo miezi mitano, lakini mtoto anayeangalia katuni anameza bila kujua ana nini mdomoni, na kutafuna kunahitaji asikie kilicho mdomoni.

Sasa njia yenyewe. Kosa nililofanya mwanzoni, na naona wengi tunalifanya, ni kuchukua kile kile cha kusaga na kuacha vibonge bonge ndani yake ili azoee. Inaonekana ina mantiki kabisa. Kumbe kwa mtoto aliyeshavuka mwaka na hajui kutafuna, rojo lenye vibonge ndani yake ni kati ya vyakula vigumu zaidi, kwasababu mdomo unapewa vitu viwili kwa wakati mmoja, kimoja kinataka kumezwa sasa hivi na kingine kinataka kutafunwa kwanza. Anaanza kumeza rojo, bonge linamfuata, anashtuka. Supu yenye vipande ni hivo hivo. Hivyo viwekwe mwisho kabisa wa safari.

Ukitaka kufanya kama nilivyofundishwa, tenganisha mambo mawili. Cha kwanza, kile chakula chake cha kumshibisha kiendelee kuwepo ila kizidi kuwa kizito taratibu kikiwa sawasawa chote: wiki hii punguza maji kwenye blenda, wiki ijayo saga kwa sekunde chache tu, inayofuata acha blenda kabisa uponde kwa uma mpaka kiwe kizito kama viazi vya kuponda, baadae uponde kidogo kidogo tu. Usiruke hatua kwasababu jana alikula vizuri. Akikataa rudi hatua moja nyuma siku mbili tatu alafu jaribu tena. Cha pili, pembeni kabisa na hicho, kila mlo kuwe na zoezi dogo la kutafuna, dakika tano tu, mwanzoni kabisa akiwa bado na njaa kidogo lakini hajaanza kulia. Zoezi hilo halihesabiwi kama chakula, akitafuna vipande viwili inatosha, shibe itatoka kwenye bakuli. Hapo ndo presha iliponitoka mimi, maana kabla nilikuwa nataka ajifunze na ashibe kwa wakati mmoja.

Kwenye zoezi mtu anaanza na nini? Vitu vinavyoyeyuka na mate. Biskuti nyepesi za watoto wadogo zile ambazo ukiziweka kwenye ulimi wako ukasubiri bila kutafuna zinaisha zenyewe. Jaribu kwanza mdomoni kwako, kama inabaki bonge au inanata juu kwenye kaakaa hiyo haifai. Uzuri wake ni kwamba akishindwa kutafuna inayeyuka na anameza salama, na ile kwaruu inayosikika akiing'ata inamwambia meno yako wapi, watoto wengi wanaipenda hiyo sauti.

Alafu hapa ndo penyewe kabisa: ikate iwe ndefu kama kidole chako, uishike wewe mwisho mmoja, na usiiweke katikati ya mdomo. Ipitishe pembeni ya mdomo, kwenye kona ya midomo, iende mpaka ikae juu ya fizi pale magego yanapotoka au yatakapotoka. Usisukume ndani kupita hapo. Utaona taya linaanza lenyewe kung'ata, kwasababu mtoto akiguswa fizi za pembeni huwa anang'ata, na ulimi nao ukiguswa ubavuni unageukia upande ulioguswa, ni kitu anazaliwa nacho, sisi tunakitumia tu. Mwache ang'ate mara mbili tatu, kipande kitakatika, ulimi utakifuata pale pale pembeni. Ukiweka katikati ya ulimi kila mara ndo unamrudisha kwenye kuvuta nyuma. Leo upande wa kulia, kesho kushoto, au zamu zamu kwenye mlo huo huo, maana watoto wengine wanaupenda upande mmoja na ule mwingine unalala.

Wakati huo na wewe utafune. Kipande kile kile, mdomo wazi kabisa hata kama kwa watu wazima ni aibu, ufungue na ufunge taya kwa madoido, umwonyeshe chakula kilivyo kwenye magego yako, uguse shavu lako useme "hapa, ng'ata ng'ata ng'ata". Kioo kidogo mezani kinasaidia sana, wangu alikuwa anajiangalia anacheka, anaweka kidole kwenye shavu lake mwenyewe. Na kama kuna mtoto mwingine mkubwa kidogo nyumbani mkalishe hapo hapo, wanamwiga mtoto mwenzao haraka kuliko wanavyotuiga sisi.

Vya kuyeyuka akivimudu, yaani unaona kabisa ulimi unaenda pembeni na havitoi, nenda kwenye vipande laini ambavyo ukivibana kati ya kidole gumba na cha shahada vinapondeka bila kutumia nguvu. Ndizi mbivu, parachichi, kiazi, boga, karoti iliyoiva sana, yai. Mwanzo kwa umbo lile lile la kidole, ukiwa umeshika wewe au ameshika mwenyewe, baadae vipande vidogo vya mraba ambavyo unampa kimoja kimoja. Kama ndizi inamteleza mkononi acha kipande cha ganda pale chini ashikie, au viringisha vipande kwenye unga wa biskuti iliyosagwa. Baada ya hapo tambi fupi zilizoiva, samaki asiye na mwiba hata mmoja, kuku aliyechambuliwa nyuzi nyuzi na kukatwa fupi, nyama ya kusaga yenye mchuzi kidogo, wali. Wali uwe wa kushikamana mwanzoni, ule unaotawanyika punje punje unamsumbua mtoto kwasababu ulimi hauwezi kuukusanya, kila punje inakimbilia kwake. Mkate nao sio laini kama unavyoonekana, ukilowa mate unakuwa bonge linalonata juu kwenye kaakaa, uchome kidogo kwanza alafu ukate vijiti vyembamba.

Nyama ya vipande ndo ya mwisho na usiwe na haraka nayo, wapo watoto wenye miaka miwili na zaidi wazima kabisa wanaoinyonya na kuitema. Ipike mpaka iachane yenyewe na uikate ukikatisha nyuzi zake, usiifuate urefu wake.

Nje ya muda wa kula kuna kazi ndogo ndogo mbili. Vitu vya kung'ata vya mpira, vile virefu vinavyofika mpaka pembeni, mpe acheze navyo maana mtoto anayetafuna midoli mdomo wake unazoea kuguswa ndani na kile kishtuko cha kutaka kutapika kinapungua. Na mswaki, asubuhi na jioni, ukimaliza meno pitisha taratibu kwenye fizi za nyuma na ubavu wa ulimi pande zote mbili. Usiende nyuma sana, ukiona anataka kutapika umepita kiasi.

Sasa matatizo, maana yatakuja tu. Mtoto anayetema: kutema ni kuzuri, usigombe. Anakuonyesha anajua kutoa asichokiweza, huo ni usalama wake, mwekee kisahani chake cha kutemea. Mtoto anayeficha chakula shavuni, unamkuta saa nzima baada ya kula bado ana bonge: huyo mara nyingi hasikii vizuri kilichopo mdomoni au kimemchosha. Mpe kidogo kidogo, katikati mpe maji kidogo kwa mrija, chakula chake kiwe na ladha inayosikika kama vile tone la limao, na kila mlo ukiisha mwangalie mashavuni ndani kabla hajashuka kwenye kiti, asiende kukimbia au kulala na chakula mdomoni. Mtoto anayejaza mdomo mpaka mashavu yanatuna: weka kipande kimoja tu mezani, akimeza ndo unaweka kingine, usimpe sahani nzima. Na yule anayemeza mazima mazima bila kutafuna, rudi kwenye vipande virefu vya kidole ambavyo lazima avikate kwa kung'ata, usimpe vya mraba kwanza.

Na kile kitendo cha kutaka kutapika, najua kinavyotisha. Mara ya kwanza mi niliruka nikamtia kidole mdomoni, kosa kubwa, nikamtisha zaidi na ningeweza kukisukuma kipande ndani. Kwa mtoto mdogo sehemu inayoleta hicho kishtuko iko mbele zaidi kwenye ulimi kuliko kwetu, ni ulinzi, inarudi nyuma taratibu jinsi anavyokua na anavyozoea vipande. Akifanya hivo utasikia sauti, atakohoa, uso unakuwa mwekundu au macho yanatoa machozi, ulimi unatoka nje. Tulia. Muinamishe mbele kidogo, ongea naye kwa upole, atakitoa mwenyewe. Ukipiga kelele anajifunza kwamba vipande ni janga.

Kusakamwa ni kitu kingine na mara nyingi hakuna kelele. Mtoto anafungua mdomo sauti haitoki, hawezi kulia wala kukohoa kwa nguvu, midomo inaanza kubadilika rangi. Hapo hakuna kusubiri. Chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega, kisipotoka mgeuze chali umbonyeze kifua mara 5 katikati, rudia hivo hivo. Kwa aliyezidi mwaka, muinamishe mbele, mpige mgongoni mara 5, kisipotoka simama au piga magoti nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mfupa wa kifua, vuta ndani na juu mara 5, alafu rudia. Mtu mwingine aite msaada wa dharura wakati huo huo, na akizimia kabisa inaanza huduma ya kukandamiza kifua na kupumulisha. Usitie kidole ndani kutafuta kitu usichokiona. Kama ulimbinya tumbo na kikatoka, bado mpeleke akaangaliwe. Kusoma hapa hakutoshi, tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza ujifunze kwa mikono, wewe na yeyote anayekulishia mtoto.

Kuna vitu havimhusu kabisa huyu anayejifunza: karanga na korosho nzima, bisi, pipi ngumu, karoti mbichi, vipande vya tufaha bichi gumu, soseji iliyokatwa duara, zabibu nzima, bonge la siagi ya karanga kwenye kijiko. Zabibu zikatwe kwa urefu vipande vinne, soseji kwa urefu iwe vijiti vyembamba, siagi ya karanga ipakwe nyembamba. Karanga nzima wataalamu wengi wanasema zisubiri mpaka miaka minne au mitano. Na mtoto asile akikimbia, akicheka sana, akilia, au ndani ya gari akiwa amekaa nyuma peke yake. Usimwache peke yake na chakula hata dakika ya kwenda kuchukua maji.

Kuhusu kumlazimisha nitasema wazi, usimzibe pua, usimshike mikono, usimsukumie kijiko akiwa analia. Mtoto anayelia anavuta pumzi kwa nguvu na chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na hata kisipoingia unamfundisha kuiogopa meza. Nawaambia kwa uchungu kwasababu nilishafanya, na ilinichukua wiki nyingi kumrudishia imani mpaka akubali tu kukaa kwenye kile kiti. Wewe unaamua anakula nini na saa ngapi, yeye anaamua anakula au hali na kiasi gani. Mlo usizidi nusu saa, ikiisha imeisha, ondoa sahani bila hasira. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonekana mara 10 au hata 15 kabla hakijakubalika, na kukigusa, kukiponda na kukinusa vyote vinahesabika, kwahiyo achafue, tandika kitu chini.

Kwa wangu ilichukua kama wiki tatu kwenye biskuti tu, alafu ndizi siku moja ikaenda pembeni yenyewe bila mimi kuishika, nikamwita baba yake jikoni aje aone. Kufika kwenye wali ilikuwa karibu miezi mitatu. Wengine wanaenda haraka zaidi, wengine polepole.

Ila kuna hali ambazo haya ya nyumbani hayatoshi na usikae nazo. Akikohoa au kupaliwa karibu kila mlo hata kwa maji, sauti yake ikiwa kama ina maji maji baada ya kula, homa za kifua au nimonia zinazojirudia, uzito hauongezeki au unapungua, anatapika mara kwa mara, udenda mwingi kupita umri wake, amefika mwaka na hataki kipande cha aina yoyote, au alikuwa anatafuna vizuri akaacha ghafla. Nenda kwa daktari wa watoto, na uombe akupeleke kwa mtaalamu wa usemi na kumeza. Mtoto aliyezaliwa njiti, aliyelishwa kwa mpira, mwenye mdomo sungura, mwenye mtindio wa ubongo au hali ya kuzaliwa nayo ya Down (Down syndrome), huyo aonwe mapema bila kusubiri dalili. Wakati mwingine sababu ni ndogo na haihusiani na kutafuna kabisa: jino limeoza linamuuma, mafindofindo yamevimba, ana choo kigumu cha siku nyingi na hana hamu, au chakula kinamrudi kinamchoma.

Ukienda, usitegemee kwamba atakula mbele ya daktari, watoto wanagoma kabisa sehemu ngeni. Mrekodi na simu nyumbani milo miwili, mmoja wa kipande na mwingine wa chakula laini, ukimchukua kwa mbele ili mdomo na shingo vionekane, iwe dakika mbili tatu bila kumkatisha. Beba kadi yake ya kliniki yenye uzito wa miezi iliyopita, na andika siku tatu kila alichokula na kunywa, maziwa yote yakiwemo na ya usiku pia.